Mbu kauma kifundoni, pamevimba pale pale tu. Nani kawaambia seli za jirani, na kwa nini goti halina habari?

#1 Mlinzi_wa_Zamu (Jumanne, saa 8:10 usiku)
Wakuu, habari za usiku. Niko zamu, geti limefungwa, hapiti mtu. Vita yangu ni na mbu. Kuna mmoja kanipata kwenye kifundo cha mguu, hazikupita dakika kumi nundu imetoka kama punje ya hindi, inawasha balaa.

Naomba msinicheke. Tundu alilotoboa mbu ni dogo kuliko ncha ya sindano. Seli alizozigusa ni chache mno. Lakini mtaa mzima wa pale umevimba na kupata moto, halafu mambo yakaishia hapo hapo. Goti halijui kama kifundoni kuna vita. Nani kawapelekea habari majirani? Na mbona huyo mjumbe hakufika gotini?

Shule niliishia kidato cha pili, asije mtu kunijibu kwa Kilatini.

#2 Mpiga_Ramli
Nimekaa mkeka wa mbele. Ila mkuu, mwizi akija atakukuta mkono mmoja unajikuna na mwingine unaandika uzi.

#3 Chura_Maji
Mbona jepesi hili. Mbu ana sumu. Anaimwaga, inasambaa kidogo, panavimba. Sumu ikiisha nguvu, panashuka. Uzi ufungwe tukalale.

#4 Maabara_ya_Kata
#3 usifunge uzi wa watu. Ile si sumu, ni mate. Mbu jike anatema mate ili damu isimgandie mdomoni. Na mate yenyewe hayana ubavu wa kumvimbisha mtu. Mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa aina hiyo, siku ya kwanza haoti hata kipele. Ingekuwa sumu ingemvimbisha siku hiyo hiyo.

Anayekuvimbisha ni wewe mwenyewe, kikulacho ki nguoni mwako. Chini ya ngozi, kandokando ya vimishipa vya damu na ncha za mishipa ya fahamu, zimekaa seli zinazoitwa seli masti. Zimejaa vifuko, na ndani ya vifuko kuna kemikali inayoitwa histamini. Kwa nje zimebandikwa kingamwili za aina ya E, ambazo mwili ulizitengeneza kwa ajili ya mbu waliotangulia. Mate yakinasa kwenye hizo kingamwili, seli inamwaga vifuko vyake kwa mpigo. Histamini inaingia kwenye majimaji yaliyo kati ya seli na seli na kusambaa mpaka kwenye ukuta wa kimishipa cha damu. Seli za ukuta zina vipokezi vya histamini, kama kitasa na ufunguo wake. Zikiipokea zinaachiana nafasi, majimaji ya damu yanavuja, hiyo ndiyo nundu yako. Ncha ya mshipa wa fahamu nayo ina kipokezi chake, huo ndio muwasho.

Seli kuzungumza na jirani yake kwa namna hiyo huitwa parakrini. Homoni ni jambo jingine, ile inapanda damu na kuzunguka mwili mzima.

#5 Kijana_wa_Voi
Asante #4. Lakini mwalimu wetu wa biolojia alituambia ni "seli mlingoti", eti zimesimama kama mlingoti wa jahazi.

#6 Yakhe_wa_Wete
Mlingoti! Yakhe, na tanga inalo? Mie nimekulia baharini, sijasikia mlingoti uliomwaga histamini.

#7 Maabara_ya_Kata
Mwalimu alisoma neno la Kijerumani kwa macho ya Kiingereza. Aliyezipa jina ni Paul Ehrlich, mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alizipaka rangi za kutilia nguo, akaziona chini ya hadubini zimejaa chembechembe, akadhani zimeshiba chakula. "Mast" kwa Wajerumani ni kunenepesha mifugo. Basi ni seli zilizonona. Alikosea kuhusu chakula, jina likabaki. Kwamba zile chembechembe ndiyo ghala la histamini, hilo lilijulikana 1953.

#8 Mpiga_Ramli
Kwa hiyo ni seli kitambi. Imepita, tusonge.

#9 Mlinzi_wa_Zamu
Seli kitambi imeingia kichwani mara moja. Ila nusu ya swali bado iko mezani. Goti je?

#10 Hesabu_Kavu
Goti nalijibu mimi, na simu ya kupigia hesabu ninayo. Molekuli ndogo kwenye maji haitembei kwa mstari, inayumba kama mlevi: hatua mbele, hatua nyuma, hatua pembeni. Ndiyo maana umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100. Kwa kitu cha ukubwa wa histamini, kukadiria tu:

Mikromita 10, upana wa seli moja hivi, ni kama sehemu ya kumi ya sekunde.
Milimita 1 ni robo saa na ushee.
Sentimita 1 ni zaidi ya siku nzima.
Kifundoni mpaka gotini, tuseme sentimita 40, ni kama miaka mitano.

Yaani kwa mwendo huo mjumbe angefika gotini wakati wa uchaguzi mkuu ujao. Ujirani hapo umewekwa na mwendo wa maji tu, seli haijachagua.

#11 Mlinzi_wa_Zamu
Miaka mitano! Kama mbunge wetu.

#12 Chura_Maji
#10 hesabu nzuri, ila umesahau mto unapita mlangoni. #4 kasema hizo seli kitambi zimekaa kando ya mishipa ya damu. Damu inazunguka mwili mzima kwa dakika moja hivi. Histamini ikidumbukia humo, gotini ni sekunde kadhaa. Kwa nini haidumbukii?

#13 Maabara_ya_Kata
Umeuliza vizuri, leo nakupa maua yako. Inadumbukia, lakini kiasi ni kidogo na inamezwa na lita tano za damu. Pia kuna vimeng'enya vya kuikatakata, haimalizi hata dakika chache ikiwa nzima. Ujumbe wa jirani lazima ufutwe haraka, la sivyo unakuwa tangazo la kijiji. Kwa hiyo mimi sikubaliani na #10 kwamba ni mwendo wa maji tu. Kufutwa ndiyo jambo kubwa zaidi.

#14 Hesabu_Kavu
Yote mawili. Ila yangu ina namba.

#15 Nyuki_Mkali (Sikonge)
Mnasema haiendi mbali. Mimi nalina asali, niwape la kwangu. Mwaka juzi mpwa wangu aliumwa na nyuki mmoja, mmoja tu, shingoni. Alishawahi kuumwa kabla bila shida. Safari hii robo saa haikuisha, midomo imevimba, mwili mzima vipele kama kawagwa na upupu, anakoroma kutafuta hewa, kisha akalegea. Tulimpakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Walimchoma adrenalini kwenye paja, na kabla sijamaliza kumpigia mama yake, kijana akaanza kuongea.

Sasa hapo ujirani uko wapi? Kachomwa shingoni, kavimba hadi nyayo.

#16 Maabara_ya_Kata
Pole kaka, na mshukuru Mungu kituo kilikuwa karibu. Hapo sumu ya nyuki yenyewe iliingia kwenye damu, ikafika kwa seli kitambi za kila mtaa, na zote zilikuwa na kingamwili tayari. Kila mtaa ulijimwagia wenyewe. Mishipa yote ikalegea na kuvuja, presha ikaanguka. Ni lugha ile ile ya majirani, ila nchi nzima imeongea kwa wakati mmoja. Adrenalini ni homoni, inapanda damu, ndiyo maana inaweza kuinyamazisha nchi nzima. Huyo kijana asirudi mzingani bila kuonana na daktari.

#17 Chura_Maji
Sasa #16, mate ya mbu nayo si yanaingia kwenye damu? Mbona hatuvimbi wote?

#18 Maabara_ya_Kata
Wapo wachache sana inaowatokea. Kwa wengi mate ni kidogo mno. Zaidi ya hapo sitii chumvi.

#19 Mzee_wa_Kalamu
Vijana salaam. Mmesahau mjumbe wa tatu. Chukueni rula, mgeuze upande wa ncha butu, mpige mstari kwa nguvu kwenye mkono upande wa ndani. Msijikate. Subirini. Kwanza mstari mwekundu. Kisha wekundu unatambaa pembeni, kwenda mbali na palipoguswa. Mwisho, kwa baadhi ya watu, mstari unainuka kama kamba. Haya aliyaeleza daktari Mwingereza, Thomas Lewis, aliyegundua histamini mwaka 1910.

Nukta yangu ni hii. Wekundu wa pembeni unafika sentimita moja, mbili, na zaidi, ndani ya nusu dakika au dakika. Kwa hesabu za #10 ilibidi iwe siku nzima. Basi si histamini iliyotembea.

#20 Kijana_wa_Voi
Shikamoo mzee. Kusahihisha kidogo tu: 1910 ni Henry Dale na mwenzake Laidlaw, ndio walioonyesha histamini inafanya nini mwilini. Lewis alikuja baadaye, kitabu chake ni cha 1927, naye kwa uangalifu hakuiita histamini. Aliiita "kitu H", kwa sababu hakuwa na uhakika.

#21 Mzee_wa_Kalamu
Marahaba mwanangu. Umenisahihisha sawasawa, nilichanganya mafaili.

#22 Mpiga_Ramli
Nimejipiga rula. Ngozi yangu ni ya mkaa wa mkambala, wekundu sijauona. Kamba imeinuka, naigusa. Mke wangu ananiangalia tu.

#23 Mzee_wa_Kalamu
Kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi vizuri, gusa kwa mgongo wa mkono utasikia joto. Haya, nani kaupeleka? Ni mshipa wa fahamu. Ncha moja ikiwashwa, umeme unapanda, ukifika njia panda unageuka na kushuka kwenye matawi mengine ya mshipa huo huo, bila kwenda kwenye ubongo kuomba ruhusa. Kwenye ncha hizo unamwaga kemikali nyingine za kutanua mishipa ya damu. Ushahidi wake: mahali ambapo mshipa wa fahamu umekufa kabisa, nundu inatoka, lakini ule wekundu wa pembeni hautoki.

Kwa hiyo seli kitambi inasema na jirani kwa mdomo, na jirani ana simu.

#24 Hesabu_Kavu
Nakubali kwa wekundu. Kwa nundu nabaki na hesabu yangu.

#25 Ughaibuni_Baridi (Minnesota)
Huku kiangazi kuna mbu wa kutisha, watu wasiojua wanadhani mbu ni wa kwetu tu. Miaka yangu ya kwanza nilivimba vibaya, wenyeji wakinicheka. Nilivyorudi Morogoro likizo, wale mbu niliokua nao hawakunifanya kitu. Mwenzangu Mmarekani niliyekuja naye alitoka manundu kama embe dodo. Hii ya kuzoea inatoka wapi, kama kingamwili zinaongezeka kila ukiumwa?

#26 Maabara_ya_Kata
Ina ngazi. Mara ya kwanza hakuna kitu. Baadaye unawashwa kesho yake. Baadaye zaidi papo hapo na kesho yake. Ukiumwa miaka na miaka, vyote vinapungua. Sababu ya hiyo ngazi ya mwisho inagombaniwa: wengine wanasema kunatokea kingamwili za aina nyingine zinazoyadaka mate kabla hayajafika kwa seli kitambi, wengine wanasema kuna seli za kinga zinazotuliza wenzake.

#27 Chura_Maji
Au mbu wa Morogoro wana heshima kwa mtu wao.

#28 Bint_Kilosa
Nasoma toka mwanzo, niwatoe kwenye mbu. Mimi kila mwezi siku mbili za kwanza nilikuwa siinuki. Bibi akisema ni tumbo la uzazi "linajikamua". Nesi mmoja ndiye aliyenielewesha: ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi unapoanza kubomoka, seli zake zinatoa prostaglandini, zinaiambia misuli ya jirani ibane. Anayetoa nyingi anaumia zaidi. Akaniambia dawa za jamii ya ibuprofeni zinazuia kutengenezwa kwa huo ujumbe, kwa hiyo zinywewe mapema, maumivu yanapoanza tu. Ukishachelewa, barua zimeshasambazwa. Kwangu imesaidia sana.

Bibi hakukosea, linajikamua kweli.

#29 Mpiga_Ramli
Prostaglandini? Hiyo si ya tezi dume? Dada umeipatia wapi?

#30 Maabara_ya_Kata
Jina lina makosa kama la seli kitambi. Ziligunduliwa kwenye shahawa miaka ya 1930, von Euler wa Sweden akadhani zinatoka kwenye tezi dume. Kumbe nyingi zinatoka kwenye vifuko vya jirani na tezi hiyo, na karibu kila seli mwilini inaweza kuzitengeneza. Mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuziba utengenezaji wake. Watu walikuwa wameimeza zaidi ya miaka 70 bila kujua inafanya nini. Nobel ikaja 1982, yeye na Waswidi wawili.

#31 Mama_Mkubwa_Tatu
Hapo niongeze, wanangu, maana wengi mnameza hizi dawa kama karanga. Mama yangu alikuwa na magoti. Dukani wakamzoesha diklofenaki, ya jamii hiyo hiyo ya ibuprofeni, asubuhi na jioni, miezi. Siku moja akatapika damu nyeusi kama mashapo ya kahawa. Daktari akasema vidonda vya tumbo. Nilimuuliza, dawa ya goti imefuata nini tumboni? Akaniambia tumboni zile prostaglandini ndizo zinazoziambia seli zitoe ute wa kulinda ukuta usiliwe na asidi. Ukinyamazisha goti, umenyamazisha na tumbo. Alipona, lakini tulilala wodini siku tisa.

#32 Bint_Kilosa
Pole mama. Mimi natumia siku mbili tu na nakula kwanza.

#33 Mlinzi_wa_Zamu
Kwa hiyo neno ni lile lile, ila kila jirani analisikia kivyake? Tumbo la uzazi linabana, tumbo la chakula linatoa ute?

#34 Maabara_ya_Kata
Kidato cha pili gani hicho ulichosoma wewe? Ndiyo hasa. Kuna aina kadhaa za prostaglandini, na hata moja hiyo hiyo ina vipokezi vya namna tofauti. Maana ya ujumbe iko kwa anayepokea. Ni kama neno "njoo" kwa mbwa na kwa kuku.

#35 Yakhe_wa_Wete
Njoo kwa kuku akaja nani? Kuku huitwa "kuru kuru".

#36 Kijana_wa_Voi
Kuna mjumbe mwingine hamjamtaja, naye ni hewa. Nitriki oksidi. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alikuwa akishangaa kwa nini kipande cha mshipa wa sungura saa nyingine kinalegea na saa nyingine kinabana kwa dawa ile ile. Akagundua kwamba ukikisugua ukafuta lile tabaka jembamba la seli za ndani, hakilegei tena. Kumbe hizo seli za ndani zilikuwa zinapokea dawa, kisha zinaiambia misuli ya nyuma yake "legea". Ujumbe wenyewe ni gesi, inapenya utando wa seli bila kubisha hodi, na inakufa ndani ya sekunde. Nobel 1998, yeye na Ignarro na Murad.

#37 Mpiga_Ramli
Hii hewa ndiyo ile ya vidonge vya buluu? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#38 Kijana_wa_Voi
Mwambie rafiki ndiyo. Ila kidonge hakileti hewa. Hewa inatolewa na mishipa ya fahamu na seli za mshipa wa damu pale pale, kukiwa na hamu. Ndani ya msuli inaamsha kijumbe cha pili, na kidonge kinamzuia anayekifuta hicho kijumbe. Kama hamu haipo, hakuna cha kuzuia kisifutwe. Na rafiki akiwa anatumia dawa za moyo za jamii ya nitrogliserini asiguse kabisa, presha inaweza kudondoka akazimia au kufa.

#39 Mpiga_Ramli
Rafiki amesoma. Rafiki ameshtuka.

#40 Nyuki_Mkali
Kuhusu ujumbe wa hewa: nyuki akichoma anaacha harufu ya hatari, wenzake wanaifuata. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Sisi tunakatazana kula ndizi kabla ya kwenda mzingani.

#41 Hesabu_Kavu
Hiyo ni mdudu kwa mdudu, si seli kwa seli. Uzi unapotea njia.

#42 Mama_Mkubwa_Tatu
Umetaja ndizi nikakumbuka, kwani ndizi si seli? Sisi tukivundika ndizi shimoni tunaweka moshi kidogo, au tunatia papai moja bivu katikati ya mbichi. Siku ya tatu zote njano. Mama akisema ile bivu "inazishawishi" wenzake.

#43 Maabara_ya_Kata
Mama yako alikuwa mtaalamu. Inatoa gesi ya ethilini, na moshi nao una ethilini. Seli za tunda zikiipokea zinaanza kulainika na kugeuza wanga kuwa sukari, na kwenye ndizi zinazidi kutoa ethilini nyingine, ndiyo maana moja inaivisha shimo zima. Mwaka 1934 ndipo ilipothibitishwa kwamba matunda yenyewe yanaitoa. Wale wanaotumia kabaidi sokoni wanatoa asetilini, ndugu yake, kipokezi kinadanganyika.

Ila wataalamu wa mimea wanaihesabu kuwa homoni. Mimi naona mipaka ya parakrini na homoni ilichorwa kwa rula na watu, mwili hauijui.

#44 Hesabu_Kavu
Pingamizi. Mpaka upo: damu.

#45 Chura_Maji
Mgomba una damu?

#46 Mwana_Muheza
Wakuu nimechelewa, ila nina mwiba wa kuchoma uzi huu wote. Mnasema muwasho ni histamini, sivyo? Nani hapa hajawahi kumwagiwa upupu shuleni? Sisi tulimwagiwa kwenye madawati, darasa zima tukawa tunacheza ngoma. Upupu unawasha kuliko mbu mia. Lakini hauvimbishi ile nundu! Unakuna tu. Kama ni histamini, nundu iko wapi? Na vidonge vya mzio havisaidii, sisi tulipona kwa majivu na kusuguliwa na nywele.

#47 Kijana_wa_Voi
Umegonga penyewe. Vile vinywele vya ganda la upupu vina kimeng'enya, mukunaini, kinachokata protini. Kwenye seli za ngozi na ncha za mishipa ya fahamu kuna vipokezi vyenye mkia. Kimeng'enya kinakata mkia, kipande kinachobaki kinajikunja na kubonyeza kipokezi hicho hicho. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kitasa chenyewe, upupu umekata kamba tu. Hili limeonyeshwa 2008. Na mwili una vimeng'enya vyake vinavyofanya kazi hiyo hiyo, hata seli kitambi zinavyo. Kwa hiyo kuna lugha mbili za muwasho, moja ya histamini na nyingine si ya histamini.

#48 Mzee_wa_Kalamu
Basi nieleze na hili mwanangu. Zamani tukitibiwa malaria kwa klorokwini. Homa inashuka, halafu usiku unawashwa viganja, nyayo na kichwa, mpaka unajisugua kwa gunzi la mahindi. Hakuna upele, hakuna nundu. Wazungu tuliofanya nao kazi walimeza ile ile, wakalala fofofo. Tulipewa Piriton, kidonge cha mzio cha kuzuia histamini, haikufua dafu. Wengi walikuwa wanatupa vidonge chooni kwa kuogopa kuwashwa. Nilishukuru ilipoondolewa hapa Tanzania mwaka 2001.

#49 Mama_Mkubwa_Tatu
Weee, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa naloweka miguu kwenye beseni.

#50 Kijana_wa_Voi
Shikamoo tena. Kwa panya, 2009 walikipata kipokezi kwenye mishipa ya fahamu ambacho klorokwini inakibonyeza moja kwa moja, bila histamini. Hiyo inaeleza kwa nini Piriton ilishindwa. Haielezi kwa nini sisi tulikunwa na Wazungu wakalala. Kuna wanaosema ni kurithi, kuna wanaosema ni jinsi ini linavyoivunja dawa, kuna wanaosema vimelea vya malaria vikiwa vingi muwasho unazidi.

#51 Mzee_wa_Kalamu
Hilo la vimelea nalikataa. Niliwahi kuimeza kwa kujikinga, sina homa, na nikawashwa.

#52 Maabara_ya_Kata
Nami nalikubali, kwangu ilikuwa inawasha zaidi nikiwa mgonjwa kweli.

#53 Mwana_Muheza
Mimi nataka ushahidi wa upupu, si wa panya. Kesho namaliza ubishi. Kidonge cha mzio, saa nzima baadaye upupu kidogo mkononi. Upupu uko nyuma ya nyumba.

#54 Mama_Mkubwa_Tatu
Usifanye ujinga mwanangu. Angalau usiuguse karibu na macho.

#55 Mwana_Muheza (Ijumaa, saa 2:30 asubuhi)
Matokeo. Kidonge saa 8 mchana, upupu saa 9 mkono wa kushoto. Umewasha vile vile kama darasa la tano. Nundu hakuna. Kijana wa Voi ana haki. Nikajipaka majivu. Halafu kidonge kikanilaza, nimeamka saa 1 usiku muwasho umeisha.

#56 Hesabu_Kavu
Kwa hiyo hujui kama umeponywa na majivu, muda au usingizi. Jaribio la mtu mmoja aliyekuwa amelala.

#57 Mlinzi_wa_Zamu
Mkono wa kulia uliuwekea upupu bila kidonge kulinganisha?

#58 Hesabu_Kavu
Mlinzi, kidonge kimeshaingia mwili mzima, mkono wa kulia nao umekinywa. Ilibidi arudie siku nyingine bila kidonge.

#59 Mwana_Muheza
Sirudii. Mke wangu alikaa kwenye mkeka niliofanyia jaribio. Toka jana hataki kusikia neno kipokezi.

#60 Yakhe_wa_Wete
Mpe majivu yakhe, na mkeka uufue wewe.